Wageni wa Darasa la Saba

Jumatano, 10 Oktoba

Madaftari arobaini na sita. Nimesahihisha thelathini na moja, macho yamekataa. Asilimia bado haijawaingia. Jana ilikuwa sikukuu ya Uhuru, watu walikwenda kutazama gwaride, mimi nilikaa na kalamu nyekundu. Leo sala ya asubuhi, hesabu, hesabu, ugali wa posho na maharage, sayansi kwa sababu mwenzangu anaumwa, hesabu tena. Miguu imevimba. Siku ishirini na sita mpaka mtihani wa taifa.

Ukuta wa mbele umepakwa rangi upya. IMANI, HURUMA, KAZI. Mchoraji alikosea vipimo, HURUMA imetoka kubwa kuliko nyingine. Sista Benedikta, mwalimu mkuu wetu, amesema iachwe hivyo hivyo. Rangi imekwisha.

Nimechoka. Nimekuwa nikiandika neno hili tangu Juni.

Ijumaa, 12 Oktoba

Mvua tangu saa nane mchana. Darasani hatukusikilizana, mabati yanapiga kelele. Niliwaandikia kanuni zote za hesabu ubaoni, kutoka juu mpaka chini, wazinakili wiki ijayo. Kazi ya saa mbili. Nikaandika pembeni USIFUTE.

Kutoka getini unaiona Bwaise yote, mtaa wa bondeni, kule chini. Leo haikuonekana. Ukungu na maji tu.

Furaha amebaki nami baada ya wengine kutoka, akauliza maswali mawili magumu. Ndiye bora wangu. Mkongo, wazazi wake walitoka Bukavu. Baba alifariki, mama anatembeza vitenge nyumba kwa nyumba. Mtoto huyu akipata daraja la kwanza nitalala usingizi mwezi mzima.

Jumamosi, 13 Oktoba

Bwaise imezama. Sista alinipigia simu asubuhi, nije.

Nimekuta familia kumi na moja ndani ya shule. Magodoro yanachuruzika maji, sufuria, kuku wawili, bibi mmoja kwenye kiti cha plastiki anatetemeka. Wamewekwa kwenye madarasa matatu ya juu, kwa sababu yana sakafu ya saruji na hayavuji. Moja ni langu. Mama Furaha yumo humo na watoto wake watatu. Vitenge vyake vyote vimelowa tope, amevitandaza juu ya madawati yangu.

Sista huzungumza nami Kiswahili, anajua Kiluganda changu ni cha sokoni. Amesema, "Mwarimu, watu hawa watarara hapa siku chache tu. Rabda mpaka Jumatano."

Nimesema sawa. Nimegawa uji. Nimefanya kila kitu alichosema. Rohoni sikuwa na huruma hata tone. Nilikuwa nahesabu siku.

Jumatatu, 15 Oktoba

Darasa la saba limesomea kanisani. Watoto wanaandikia magotini. Ubao ni mbao iliyoegemezwa kwenye meza ya vitabu vya nyimbo. Saa tano bibi mmoja wa parokia alikuja kusali rozari na hakutaka kuhama. Amesali kwa sauti. Mimi nikafundisha kwa sauti. Aibu.

Kwenye mstari wa asubuhi watoto wamesoma neno la wiki, kama kila Jumatatu. Wiki hii ni kuvumiliana. Neno lilipangwa tangu mwanzo wa muhula, hakuna aliyelichagua kwa makusudi. Sikucheka.

Nilipita darasani kwangu kuchukua chaki. Ubao umefutwa. Mtoto mdogo amechora ng'ombe, au mbwa. Kanuni zote zimekwenda. Mama Furaha aliona uso wangu akainuka haraka: "Mwalimu, utusamehe, batoto habajui." Nikamwambia si kitu. Nikaenda chooni nikalia kwa hasira. Mwanamke wa miaka hamsini na miwili, analilia ubao.

Jumanne, 16 Oktoba

Mvua tena. Maji hayashuki. Jumatano ya Sista haitakuwa kesho.

Watano wamelala nikifundisha. Furaha ni mmoja wao. Analala sakafuni na watu kumi na tisa, mtoto mchanga analia. Nilimgusa bega, akaamka akajibu swali kabla sijamuuliza. Alikosea.

Alhamisi, 18 Oktoba

Afande Opio amekuja. Polisi mstaafu wa kambi ya Naguru, mwenyekiti wa kamati ya wazazi. Mjukuu wake yuko kwangu. Alisimama mlangoni mwa kanisa mpaka nikamaliza kipindi, kofia mkononi. Ana adabu yake, siwezi kumsingizia.

"Mwalimu, mimi si mtu mbaya," akasema. "Lakini hii ni shule, si kambi. Hii watoto iko na mtihani. Watu ya mafuriko iende kwa serikali."

Ana barua, imepigwa chapa kwa Kiingereza. Wazazi na walimu wanaomba madarasa yaachwe wazi ifikapo Jumapili. Nakala kwa padre wa parokia, maana shule ni ya parokia. Walimu walikuwa hawajatia sahihi, wote walisubiri mwingine aanze. Afande akasema, "Wewe ndiyo mwalimu ya darasa la saba. Ukianza, wengine itafuata."

Nimetia sahihi. Ya kwanza. Jina langu kamili, Consolata, na la baba. Wengine saba wamefuata.

Sijutii. Kila Januari matokeo yakitoka, huwa halitajwi jina la Sista wala la mafuriko. Linatajwa langu. Mwaka jana nilisimama mbele ya wazazi wale wale na kuulizwa kwa nini waliopata daraja la kwanza ni wachache. Hakuna aliyenitetea. Siwezi tena.

Ijumaa, 19 Oktoba

Kikao cha walimu. Sista ameisoma barua yote kwa sauti, na majina yote, kwa mpangilio wake. Aliikunja, akauliza nani ana godoro la kuazima. Hakuna aliyejitolea. Akafunga kikao kwa sala.

Afadhali angenigombeza.

Padre ameshamwambia: Jumapili, mwisho.

Afande, au kamati yake, wamebandika nakala kwenye ubao wa matangazo getini. Hilo sikulijua. Hilo halikuhitajika.

Jumapili, 21 Oktoba

Baada ya misa wamehamishwa. Masista wanne wametoka nyumbani kwao na kuhamia chumba cha cherehani. Familia zenye watoto wachanga na yule bibi wa kiti cha plastiki wameingia nyumba ya masista. Wengine wameteremka Bwaise, maji yamepungua mpaka kwenye vifundo vya miguu.

Nilitazama kutoka upande wa jiko. Sikusaidia kubeba. Sikujua nishike mzigo wa nani.

Jumatatu, 22 Oktoba

Darasa langu. Wameliosha. Sakafu haijawahi kung'aa hivi tangu nianze kazi hapa. Wamefuta madirisha, wamepanga madawati, wameosha hata lile kabati ambalo sisi wenyewe hatuligusi. Ubao mweusi tii. Nilisimama mlangoni kama mgeni.

Tumesoma vizuri. Kimya. Meza za mbele zimejaa isipokuwa moja. Furaha hayupo.

Jumanne, 23 Oktoba

Hayupo.

Jumatano, 24 Oktoba

Nimekwenda nyumba ya masista kumuulizia. Yeye na mama yake hawakuingia humo kabisa. Sista Benedikta alikuwa anaanika nepi, jambo ambalo sikutegemea kuliona maishani. Alisema, "Niriwapa chumba. Mama yake arikataa. Arisema hataki kuwa mzigo mara ya piri."

"Kwa nini hukuniambia?"

Alinitazama. "Hukuuriza, Mwarimu."

Zimebaki siku kumi na mbili.

Alhamisi, 25 Oktoba

Mjukuu wa Afande aliniuliza kama Furaha ataacha mtihani. Darasa zima likanyamaza kusikiliza. Nikasema anaumwa. Nimedanganya mbele ya watoto arobaini na watano, kwenye shule ambayo huwa tunawarudisha watoto nyumbani siku mbili kwa kosa la uongo.

Usingizi hauji. Nikiyafumba macho naona jina langu pale juu ya mengine, mwandiko mzuri, mwandiko wa mwalimu.

Jumamosi, 27 Oktoba

Nimekwenda Bwaise. Mabuti ya mvua ya jirani yangu, makubwa kwangu. Nimeuliza njia mara sita. Tope jeusi, linanuka vyoo. Watu wametoa kila kitu nje, viti, redio, Biblia zimefunguliwa juani kama samaki.

Nilimkuta Mama Furaha mlangoni anakomba tope kwa beseni. Mstari wa maji ukutani unafika dirishani. Furaha alikuwa ndani, alinisikia, hakutoka.

"Mwalimu," mama akasema. "Umekuja kutuangalia?"

"Nimekuja kumwona Furaha. Mtihani umekaribia."

"Furaha iko na kazi."

Kisha nikasema, "Ile barua. Nilitia sahihi."

"Nayijua." Hakuinua sauti. "Miye sisomi Kingereza. Furaha alinisomea pale kwa mlango ya shule, akanigeuzia kwa Kiswahili, mustari kwa mustari. Alipofika kwa majina akanyamaza. Nikamwambia, soma. Akasoma yako, ya kwanza. Haikunisomea tena ingine."

Nilikuwa nimetayarisha maneno njiani. Kwamba nilikuwa nawafikiria watoto. Kwamba Furaha mwenyewe alikuwa analala darasani, kwamba hata kwake ingekuwa heri. Yote ni kweli. Hakuna hata moja lililotoka. Nilisema, "Nisamehe, mama."

Alisogea kidogo mlangoni, akaniachia nafasi.

Kulikuwa na beseni jingine. Nimekomba tope mpaka saa tisa. Yeye ndani, mimi kizingitini, Furaha anapokea na kumwaga mtaroni. Mgongo umekatika. Wakati wa kuondoka nilimwambia Furaha kwamba Jumatatu tunarudia asilimia na riba. Alikuwa anatazama mikono yake.

Sijui nilikwenda kwa ajili yake au kwa ajili ya matokeo. Nimejiuliza njia nzima ya kurudi.

Jumatatu, 29 Oktoba

Amekuja. Sare imefuliwa, ina mstari wa kahawia ambao hautatoka. Kiti chake cha mbele kilikuwa wazi, akapita, akaenda kukaa nyuma kabisa karibu na dirisha.

Nimefundisha. Swali la nne lilikuwa gumu, hakuna aliyeinua mkono. Nilijua analo jibu. Hakuinua.

Nilipokusanya madaftari nikaona amelifanya. Sahihi kabisa. Nimeweka alama ya vema, nikataka kuandika kitu pembeni, nikaacha.

Jumatano, 31 Oktoba

Afande Opio amepita kunishukuru kwa kurudisha darasa. Nilimwambia anishukuru Januari. Nikamwambia pia aitoe ile nakala getini. Alishangaa. "Lakini ilifanya kazi," akasema.

"Ndiyo maana. Itoe, Afande."

Akaitoa mwenyewe, pini moja moja, akaikunja akaitia mfukoni. Hakuonekana kukasirika. Alionekana mzee.

Ijumaa, 2 Novemba

Tumewapa watahiniwa maelekezo ya mwisho. Misa ya kuwaombea. Padre amehubiri kuhusu bidii. Watoto wameshika kalamu mpya juu zibarikiwe.

Baadaye nilikwenda ofisini kwa Sista. Nimelichelewesha hili wiki mbili. Nilimwambia kwamba nilitia sahihi kwa hasira na kwa woga, kwamba niliiona aibu yangu, kwamba yeye alifanya kilicho sawa na mimi sikufanya. Nilitegemea maneno ya kitawa. Labda niwekewe mkono begani.

Alikuwa amevua viatu chini ya meza. Miguu yake imevimba kama yangu.

"Mwarimu," akasema, "nikwambie kitu. Geti sikufungua mimi. Ni mrinzi. Watu waripiga geti, yeye akafungua, hakuniuriza. Mimi niriamka arfajiri nikawakuta ndani. Nirikasirika sana. Nirifikiri darasa ra saba, nirifikiri Padre, nirifikiri wazazi. Niritoka niwaambie waende kwa kanisa, kwa RC, ofisi ya mtaa, popote. Nikafika pare, yure bibi akanisarimia. Akaniita Maama. Nikaona haya." Akatafuta viatu kwa vidole vya miguu. "Ni haya tu. Usinifanye mtakatifu. Nimechoka sana kwa hiyo kazi."

Akaniuliza kama nimekula. Sikuwa nimekula. Tukala mihogo ya baridi iliyobaki kwenye sahani yake, kila mtu upande wake wa meza.

Yule mlinzi nampita kila siku. Nimekuwa nikimsalimia bila kusimama. Leo nilisimama, nikamuuliza kwa nini alifungua bila kuuliza. Akanijibu kama mtu anayeulizwa kitu cha kipuuzi: "Teacher, mvua ilikuwa inanyesha."

Jumatatu, 5 Novemba

Hesabu asubuhi. Sisi walimu wa shule haturuhusiwi kukaribia vyumba vya mtihani. Nimekaa jikoni na wapishi, nimemenya viazi ambavyo havikuhitaji kumenywa na mimi.

Furaha alifika saa moja kasoro, mama yake amemsindikiza mpaka getini. Mama hakuingia. Alinipungia mkono mara moja, mkono mfupi, akageuka. Nimeukubali kama ulivyo.

Jumanne, 6 Novemba

Wamemaliza. Kelele, kurushiana maji, mashati yameandikwa majina. Wengi walikuja kuniaga. Mjukuu wa Afande amenikumbatia kiunoni akalia, sikujua kama ananipenda.

Furaha alikuja mwisho. Hakupiga magoti kama wasichana wa hapa, hajawahi, wala sikutaka. Alisimama na mfuko wake wa plastiki wa kalamu.

"Teacher, ile namba ya mwisho ya hesabu. Ya tangi. Niliipata mara mbili, majibu mawili tofauti."

"Ukaandika lipi?"

"La pili."

Nikamwomba anieleze. Tukachora tangi mchangani kwa kijiti. Alikuwa sahihi mara ya kwanza. Nilimwambia ukweli. Akafikiri, akasema, "Basi," akaifuta michoro kwa kiatu. Akaniambia kwaheri, Teacher. Akateremka kilima.

Hakunisamehe, sidhani. Aliniuliza swali. Nimelishika hilo.

Alhamisi, 8 Novemba

Nimelala saa kumi na moja mfululizo. Nimeamka nimechoka vile vile.

Familia ya mwisho imetoka nyumba ya masista. Yule bibi amepata mwanawe upande wa Mengo, amekuja kumchukua. Masista wamerudi vyumbani kwao. Sista Benedikta anasema chumba chake kinanuka maziwa ya mtoto, na kwamba hafungui dirisha.

Jumamosi, 10 Novemba

Mvua tangu saa saba. Kubwa, ile ya kupiga chini na kurudi juu. Nilikuwa nyumbani nafua. Nilikaa nikaisikiliza. Saa nane na nusu nikavaa nikachukua mwavuli, nikapanda shuleni.

Geti lilikuwa wazi, milango yote miwili, mlinzi amekaa kibandani amejifunika gunia. Darasa langu nimelifungua mimi. Nimesogeza madawati ukutani, nimefagia. La jirani nikalikuta limeshafunguliwa. Sista alikuwa barazani kwenye benchi la watoto wadogo, magoti yamepanda juu, sufuria kubwa ya uji jikoni tayari inatoa mvuke.

Nikakaa karibu naye. Alisema mvua hii ni mbaya. Nikasema ndiyo. Tulitazama njia inayotoka Bwaise. Maji mekundu yanateremka, hakuna mtu anayepanda.

Saa kumi na moja ikapungua, ikawa manyunyu. Ikakatika.

Hakuna aliyekuja. Labda maji hayakufika milangoni. Labda yalifika. Sista alisema tungoje kidogo, tukangoja kidogo. Kisha tukanywa uji, mimi, yeye na mlinzi. Uliobaki tumeufunika.